Mwanga kwanza, maji baadaye

Zamani, katika nyumba nyingi za mwambao, mimea ilikuwa na mahali pake, na mahali hapo hapakuwa ndani. Mrehani ulikaa kwenye kopo la maziwa karibu na mlango wa uani, asumini ilitambaa ukutani, na sebuleni, juu ya kitambaa cha kufuma, yalisimama maua ya plastiki. Nayakumbuka maua hayo kwa heshima, ila yalituzoesha jambo ambalo hadi leo linatugharimu: kuamini kuwa ua la ndani ni pambo, na pambo huwekwa popote palipo wazi, hata penye kona ya giza. Mimea hai ilipoanza kuingia sebuleni na maofisini, tuliipokea kwa mazoea yale yale.

Mmea ulioumia zaidi kwa mazoea hayo ni ZZ, wenye vijani vinavyong'aa hata wageni huvigusa wakidhani ni plastiki. Wengi huuona wa kizungu kwa sababu ulifika madukani kutoka Ulaya. Kumbe kwao ni huku huku, kuanzia Kenya na Tanzania, Zanzibar ikiwemo, hadi KwaZulu-Natal. Kitalu cha Loddiges cha London kiliuchapisha kwa jina la kisayansi mwaka 1829, lakini haukuenea majumbani mpaka Waholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990. Porini huota chini ya vivuli, kwenye udongo usiotuamisha maji, na huweza kupitisha miezi bila mvua. Ukiuchomoa chunguni utaona siri yake: viazi vigumu, vya mviringo, vimesongamana hadi kuta za chungu cha plastiki zimefura. Humo ndimo akiba ya maji ilimo. Kiangazi kikizidi hupukutisha vijani na kusubiri. Mwaka 2007 watafiti walionyesha pia kwamba unaweza kuvuta kabonidayoksaidi usiku, hasa unapokosa maji, na hivyo kupunguza unyevu unaopotea. Hata ukipanda kijani kimoja, kwanza kitafanya kiazi kidogo kwenye kikonyo chake. Chipukizi litafuata baada ya miezi mingi. Mmea wa namna hii hutanguliza akiba, kwa hiyo kukaa kimya muda mrefu si lazima kuwe ugonjwa.

Wapo watakaosema kwamba wauzaji wenyewe huusifu kwa kupenda giza. La hasha, unalivumilia tu. Gizani hula akiba yake, na chipukizi likitoka huwa jembamba, vijani vimeachana, limelala kuelekea dirishani. Usogeze karibu na dirisha lenye pazia jepesi, jua kali la mchana lisiuchome, na machipukizi yatakayofuata yatakuwa manene na yatasimama. Wengine watasema mbolea itauharakisha. Itasaidia kidogo, ikizimuliwa sana na kutiwa kwa nadra wakati wa joto. Ila mmea usiopata mwanga hauwezi kuitumia, na chumvi yake hubaki udongoni. Pingamizi gumu kuliko yote ni la maji, kwa kuwa linatoka kwenye mapenzi. Mwenye ua akiliona limekwama hulimwagia maji, na jani likigeuka njano huongeza. Katika chumba chenye kiyoyozi, ndani ya chungu kisicho na tundu, unyevu hukaa wiki kadhaa. Viazi huoza chini ilhali juu kungali kijani, mpaka siku shina linapoanguka. Njano ya kiu na njano ya kuoza hufanana machoni. Zamisha kidole udongoni ndipo utajua ni ipi, na mara nyingi, kwa nyumba zetu, ni ya kuoza.

Basi unaponunua ZZ, chagua chungu chenye tundu, kinachozidi viazi kwa vidole viwili tu, kwa kuwa udongo mwingi hushika maji mengi. Changanya udongo na mchanga wa kutosha na pumba za mpunga. Uweke mbali na watoto wadogo, maana utomvu wake huwasha mdomo. Kisha upe dirisha kabla ya kuupa kona, na maji usiyatie mpaka udongo uwe umekauka hadi chini.