Betri Iliyoitwa Irudi Kiwandani

Kila mwaka nilipofunga mizigo kutoka Minneapolis kurejea Garissa kuwazuru ahali zangu, haikukosekana humo hidaya ya pawabenki, kwani mchungaji akishavuka Modogashe na ngamia wake huenda siku nyingi asione mahali pa kuchaji simu, nayo simu ndiyo mkoba wake wa fedha na ndiyo impayo habari za wapi mvua imenyesha.

Desturi hiyo sikuiona na ila yoyote hata Juni mwaka 2025, ilipotoka ilani hapa Marekani kwamba kampuni ya Anker inaziita zirudi pawabenki zake takriban 1,158,000 za aina moja, kwa hofu ya betri zake za lithiamu kushika joto na kuwaka. Nami nilipozipekua ilani nyingine za namna hiyo nikaikuta humo pawabenki ile niliyompelekea mpwa wangu, iliyo ya kiwanda kingine.

Utaratibu wa huku nausifu. Mwenye pawabenki ya Anker aliandika juu yake, kwa wino usiofutika, jina lake, tarehe na neno la kuonyesha kuwa imeitwa irudi, akaipiga picha pamoja na namba zake, naye akapewa nyingine au kadi ya dola 30. Ndegeni, pawabenki nzima hukaa na abiria wala haiingii katika shehena, ili moto ukizuka uonekane na kuzimwa mapema. Ama iliyoitwa irudi, sheria ya Marekani hairuhusu ipande mpaka iondolewe hatari yake, na China nayo ikazipiga marufuku katika safari zake za ndani tangu tarehe 28 Juni mwaka huo.

Walakini utaratibu huo wote huifuata risiti, na hidaya haina risiti. Kampuni humjua aliyenunua; haimjui shangazi aliyetunukiwa, wala kijana aliyenunua Soko Mugdi la Garissa kwa fedha taslimu bila karatasi. Kwa hiyo naona ilani hizi zingepasa kusomwa kwa Kisomali katika redio, na kutajwa msikitini baada ya sala ya Ijumaa, kama watu wanavyohadharishwa mto Tana unapofurika. Na sisi tulio ughaibuni ni dhima yetu kuziandika namba za kila tunachokipeleka, kwa kuwa baina ya kiwanda na mchungaji hakuna mjumbe mwingine ila sisi.

Nilimpigia mpwa wangu siku ile ile nilipoikuta pawabenki yake katika ilani. "Abti," akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana kwa neno hilo moja, "nilimwazima mwenzangu, naye amehamia upande wa Wajir." Ilirudi baada ya wiki mbili. Katika picha aliyonitumia ubavu wake umefura, na mahali pa namba pamesuguliwa na mchanga hata hapasomeki.

"Nimpe msafiri akuletee?" akauliza.

Nikamkataza kwa ukali ambao hakuuzoea kwangu, kwani kitu nilichokileta mimi mwenyewe angani kwa nia njema sasa hakifai kuketi karibu na abiria yeyote; wala sikumjulia hapo mahali pa kukipeleka. Akakitia ndani ya kopo la maziwa ya unga, akalijaza mchanga, akaliweka nje ya ua, mbali na mkeka wanapolala watoto.