Mwezi wa Kalamu za Matete



Wazazi wengi huniuliza watoto wafanye nini katika likizo ndefu, ile ya kuanzia Desemba mpaka Februari. Hapa Nakivale swali hili ni zito kuliko linavyosikika. Shule zikifungwa, mtoto hana pa kwenda ila bombani kuchota maji, shambani kama lipo shamba, au Base Camp kutazama magari. Watu wazima nao wanasubiri: mgao, mahojiano, simu. Makazi haya yapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipopokelewa Wanyarwanda, na wako waliozaliwa humu, wakaoa humu, na bado wanasubiri.

Basi Rajabu ya mwaka 1446, iliyoanza pamoja na Januari 2025, niliamua kwamba kila siku baada ya darasa la Qur'ani tutakuwa na saa mbili za kazi ya mikono. Sikuziita somo. Hakuna mtihani, na kila mtoto achague anachokipenda.

Wasichana wengi walichagua kushona kofia za vitobo. Kazi hiyo hula majuma mengi, kwa hiyo mwezi mmoja hautoshi, na niliwaambia hivyo tangu mwanzo. Wengine walisuka mikeka. Wavulana wadogo walichagua mpira, na sikuwazuia.

Mimi nilikaa na kundi la kalamu, maana hilo ndilo pendo langu tangu utoto. Babu yangu alikuwa mtu wa Kasongo, kule Maniema, na barua zake aliziandika kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofanya wazee wengi wa huko. Matete tuliyakata kando ya ziwa. Tete bichi halifai, lazima likauke mpaka ukiligonga lilie. Unakata ncha kwa mshazari kwa kisu kikali, kisha unapasua ufa mdogo katikati ili wino uteremke polepole. Wino wenyewe ni masizi ya chini ya sufuria, maji, na gundi ya mgunga iliyosagwa. Bila gundi, ukipitisha kidole herufi yote inaondoka.

Wenzetu Wasomali hawakuwa na haja ya kufundishwa. Kwao chuoni mtoto huandika kwa wino wa mkaa juu ya ubao wa mti wanaouita loox, akiisha kuhifadhi anauosha na kuandika aya nyingine. Mzee mmoja wao alitazama wino wetu wa kwanza akasema, "Maalim, haya ni maji ya kuoshea vyombo." Akakaa chini, akakoroga mwingine.

Niliwafundisha kipimo cha nukta. Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940, ndiye anayetajwa kuwa alikiweka: kalamu ikibonyezwa hutoa nukta ya pembe nne, kwa nukta hiyo unapima alifu, na kwa alifu unapima herufi nyingine. Alikuwa waziri, akaangushwa, akakatwa mkono wa kulia. Inasimuliwa kwamba alifunga kalamu kwenye kigutu akaendelea kuandika. Siku tatu nzima wavulana walikuwa wakijaribu kuandika kwa viwiko.

Kilichotushinda ni karatasi. Daftari la shule hunywa wino, herufi ikavimba. Ikabidi niende Mbarara, na nikamchukua kijana mmoja wa miaka 15 anisaidie kubeba. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wote, na nilijua sitakaa naye sana: familia yao ilikuwa imepewa tarehe ya kusafiri Marekani mwezi wa Februari. Baba yake alikwisha kuuza mbuzi, na mabati ya nyumba alikwisha kupokea fedha yake.

Tulikula vumbi mpaka tukaikuta lami, halafu migomba ya Isingiro pande zote mbili mpaka mjini. Mbarara ni jiji tangu mwaka 2020, na pikipiki zake zinakukumbusha hilo. Tulinunua karatasi za manila, uzi wa kofia na wembe. Njiani kurudi kijana aliniuliza, "Maalim, huko tunakokwenda kuna matete?" Nikamwambia penye maji yaliyotulia hapakosi matete.

Tarehe 20 Januari Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi, na siku chache baadaye waliokuwa na tarehe za ndege wakaambiwa hakuna safari. Hapa kwetu zilikuwa siku kama za msiba. Kijana hakuja siku nne. Siku ya tano alikuja baba yake, peke yake. Nilidhani ana jambo la kuniambia. Alikaa kwenye mkeka, akatazama watoto, kisha akachukua kisu na tete moja. Kumbe kule Uvira alikuwa seremala. Kalamu aliyochonga ilikuwa nzuri kuliko zangu zote. Alichonga kumi na moja, akaaga, akaondoka. Kesho yake walikuja wawili.

Mzazi mmoja alinilalamikia, na ana haki ya kusikilizwa. Alisema, "Ustadh, tangu mwaka 2023 mgao umekatwa, watu wanalala njaa, na wewe unawafundisha watoto kuchora." Nilimjibu kwamba sijui kazi ya kumshibisha mtu kwa wino. Lakini nimewaona vijana wasio na la kufanya tangu asubuhi hadi magharibi, na yeye pia amewaona, tena wengine ni wa nyumba yake. Hatukukubaliana. Binti yake bado anashona kofia.

Sasa tunakutana Jumamosi, baada ya dhuhuri. Familia ile bado iko hapa. Baba anatuchongea mbao za kuandikia, za mtindo wa Wasomali, na kijana ndiye anayewashika mkono wadogo kwenye alifu. Kofia mbili zimekamilika, ya tatu panya waliianza kabla yetu.

Anayetoka Mbarara tunamwomba atuletee karatasi za manila, nyeupe, zisizong'aa. Zinazong'aa hazishiki wino.