Insafu na Rula ya Risasi

Yapo maneno ambayo hayavuki bahari bila ya kulipa ushuru. Mojawapo ni neno la Kigiriki dikaion, yaani jambo lililo la haki. Katika kitabu cha tano cha maandishi ya maadili yanayobeba jina la Nicomachus, Aristotle (384–322 K.K.) analinasibisha neno hilo na dicha, maana yake vipande viwili, na hakimu, kwake yeye, ni mkataji wa nusu. Mstari ukiwa umekatwa vibaya, hakimu huitoa ziada ya kipande kirefu na kukiongezea kifupi, hata pande zote mbili zikalingana.

Wataalamu wa lugha hawaukubali unasaba huo. Lakini alichokitamani Aristotle katika lugha yake, Kiswahili kinacho bila ya kukitafuta. Neno insafu limetoka katika Kiarabu, katika mzizi ule ule uliozaa nusu. Anayetamka insafu, ajue asijue, ametaja nusu mbili zilizo sawa.

Lau haki ingelikuwa ni hiyo tu, mizani ingelitosha na hakimu asingelihitajika. Aristotle alilijua hilo, na katika kitabu hicho hicho akalileta neno jingine, epieikeia. Anaeleza kuwa sheria hunena kwa ujumla, ilhali mambo ya walimwengu hayaishi kuzaa ambayo mtunga sheria hakuyaona. Ila haimo katika sheria wala katika mtungaji wake. Imo katika maumbile ya mambo yenyewe. Hapo hutakiwa mtu wa kuisahihisha sheria, aseme ambalo mtungaji angelilisema lau angelikuwapo. Na mfano anautoa kwa wajenzi wa kisiwa cha Lesbos. Rula yao ilikuwa ya madini ya risasi, nayo haikukaa kavu kama ya chuma: ilipinda ikalifuata umbo la jiwe. Vivyo hivyo, asema, uamuzi wa baraza hufuata umbo la tukio.

Aristotle hautaji hapo mkasa uliokipata kisiwa hicho hicho kabla hajazaliwa. Mwaka 428 K.K. mji wa Mytilene, ulioko Lesbos, uliasi dhidi ya Athens. Mwaka uliofuata ulisalimu amri. Raia wa Athens wakakutana, na kwa ghadhabu wakapitisha kwamba wanaume wote wa Mytilene wauawe, na wanawake na watoto watiwe utumwani. Merikebu ya vita ikaondoka na amri hiyo. Asubuhi yake nyoyo zikawarudi, na baraza likakutana tena.

Mwanahistoria Thucydides anasimulia kuwa Cleon alisimama kuitetea hukumu ya jana. Sheria mbaya zisizoguswa, alidai, zinaufaa mji kuliko sheria nzuri zisizo na nguvu. Na akawaonya wenziwe wajihadhari na mambo matatu yanayoiangamiza dola: huruma, utamu wa maneno, na epieikeia. Aliyemjibu, Diodotus, hakuitetea haki hata kidogo. Alisema kuwa hapo si mahakamani. Linalotazamwa ni maslahi ya Athens. Hata hivyo hoja yake ilipita mlango wa nyuma ikaingia ndani ya haki yenyewe, kwani aliwakumbusha kuwa watu wa kawaida wa Mytilene walipopewa silaha waliusalimisha mji kwa hiari yao. Kumwua asiyekosa pamoja na mkosaji ni kuyapima mawe mbalimbali kwa rula moja ya chuma.

Mikono iliponyanyuliwa, pande mbili zilikaribia kulingana, Diodotus akashinda. Merikebu ya pili ikatumwa. Wapiga makasia walikula unga wa shayiri uliokandwa kwa mvinyo na mafuta ya zeituni huku wakivuta, na wakalala kwa zamu. Walipofika, amri ya kwanza ilikwisha kusomwa, lakini haijatekelezwa. Mji ukaokoka. Wahenga walinena, heri nusu shari kuliko shari kamili. Maana Thucydides anaandika kuwa walioonekana kuongoza uasi, zaidi kidogo ya watu elfu moja, waliuawa wote.

Katika mkasa huu mna onyo juu ya mfano wa Aristotle. Hukumu zote mbili, ya kuua na ya kuokoa, zilikuwa ni uamuzi wa baraza moja, na zote mbili zilipinda. Ya kwanza ilipinda kwa ghadhabu ya aliyeishika rula. Ya pili ilipinda kwa kulitazama jiwe. Risasi haijui kutofautisha. Laini yake ndiyo fadhila yake, na ndiyo hatari yake.

Sasa epieikeia iitweje kwa Kiswahili? Huruma haifai, kwani Cleon mwenyewe ameyataja mawili hayo mbali mbali. Aristotle anamweleza mwenye sifa hiyo kuwa ni mtu ambaye, ingawa sheria iko upande wake, hukubali kuchukua pungufu ya haki yake. Katika mwambao wa Waswahili mtu huyo huitwa muungwana. Basi uungwana ndilo neno. Lakini lina kovu. Muungwana wa zamani alikuwa ni yule asiye mtumwa, na Aristotle naye aliandika kuwa wapo watu walioumbwa wawe watumwa. Mfasiri anayelitumia neno hilo asilifiche kovu lake. Linamwonyesha msomaji kule ambako rula ya risasi haikufikishwa.

Na pengine uungwana wa kweli wa siku ile haukuwamo barazani. Thucydides anasema kuwa ile merikebu ya kwanza haikufanya haraka, kwa uzito wa kitendo iliyotumwa kukitenda. Lau wangelivuta kwa nguvu zao zote, ya pili ingelikuta maiti. Waliokuwa na amri halali mkononi walichukua pungufu ya mwendo waliokuwa nao. Hakuna jina la hata mmoja wao lililoandikwa.