Sukari Iliyokuja na Mimba

Mimba ilikuwa ya miezi saba nilipoambiwa nina kisukari cha mimba. Nilipimwa asubuhi sijala kitu, kipimo kikasoma 6.4, na kwa mjamzito 5.1 tu inatosha kuitwa kisukari cha mimba. Sikuwa naumwa. Kiu tu, na kwa joto la Tanga nani hana kiu?

Siku ya kujifungua, kichwa kilitoka. Bega likakwama. Mkunga akaita wenzake. Wakanikunja miguu, wakanikandamiza chini ya kitovu. Nilisoma kila dua niliyoijua. Mtoto hakulia. Hakulia. Kisha akalia, kidogo sana.

Alikuwa na kilo 4.6. Hata saa mbili hazijapita akaanza kutetemeka, wakamchukua. Nilibaki na kanga yake mikononi. Muuguzi alinieleza: tumboni alizoea sukari yangu nyingi, kongosho lake likawa linatoa insulini nyingi; kitovu kilipokatwa sukari ikakatika, insulini ikabaki. Nilimwelewa. Sikulala. Mama alikaa chini kando ya kitanda akivuta tasbihi mpaka alfajiri.

Walimpa maziwa yangu na dripu ya glukosi. Kesho yake akatulia. Alhamdulillah.

Sukari yangu nayo ilishuka, lakini daktari alisema aliyepata kisukari cha mimba yuko hatarini mara kadhaa zaidi ya mwenzake ambaye hakukipata, kupata kisukari aina ya pili. Babu yangu alikatwa mguu kwa ugonjwa huo. Nikifumba macho naona ule mguu.

Mama mkwe akaniletea unga wa mlonge na chupa ya vidonge vya mitishamba, imeandikwa kwamba vina antioksidanti. Alitoa hela yake ya kikoba, na upendo ule siusahau. Mume wangu akasema tumuulize daktari kwanza. Tukaenda sote watatu.

Daktari hakutucheka. Antioksidanti, alisema, hulinda seli zisichakae, na zimo tele kwenye mboga na matunda. Lakini huko Marekani wanawake zaidi ya 6,000 walifuatiliwa kwa takriban miaka 9, na waliomeza vidonge vya vitamini C, E au beta-karotini hawakuepushwa na kisukari zaidi ya waliopewa vidonge vitupu. Mama mkwe akamjibu kuwa dawa zote asili yake ni majani. Daktari akakubali: hata metfomini chimbuko lake ni mmea wa Ulaya uitwao galega, ila kidonge chake kinajulikana kina kiasi gani cha dawa. Chupa yetu haikusema.

Kilichosaidia watu, akasema, ni kupunguza uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Utafiti wa Marekani uliotoka 2002 ulionyesha hatari ikipungua kwa asilimia 58.

Basi tukaanza kutembea baada ya Alasiri, mpaka Raskazone. Sembe ikawa dona. Mlonge tunaupika mboga, na fundi wake ni mama mkwe. Chai bila sukari ndiyo iliyonitesa, nasema kweli.

Nimepungua, na sukari haijapanda. Lakini kila mwaka nikipimwa, mikono hunipoa kabla hata sindano haijagusa kidole.

Wewe uliyejifungua ukaambiwa sukari imekwisha, rudi ukapime baada ya wiki 6 hadi 12, kisha usiache. Usiende peke yako. Mimi hufuatana na mama mkwe, na siku hizi naye anatoa kidole.