Nilimtoa Mjomba Kikaoni

Nilimtoa kikaoni mtu aliyekuwa akimlipia mtoto ada. Nilimtoa mbele ya watu, Masasi, nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya bweni ya mchepuo wa Kiingereza. Shule siitaji, maana kosa ni langu.

Shule ilikuwa inakua, nami nilitaka jumuiya kama za shule za kimataifa za Arusha: kamati ya wazazi, siku ya wazazi, wazazi wanaozoea kuingia madarasani. Nikatengeneza fomu yenye nafasi mbili, baba na mama. Kikao nikakiweka wakati wa korosho, watu wakiwa mashambani wanaokota. Barua nikaziandika kwa Kiingereza.

Walikuja wachache. Mmoja alikuwa mzee kutoka Newala, ameshuka na dada yake. Jina lake halikuwamo kwenye fomu.

"Shikamoo mzee. Samahani, kikao hiki ni cha wazazi tu."

"Marahaba," akajibu, akabaki amekaa. Dada yake ndiye aliyesema: "Mwalimu, huyu ndiye mwenye mtoto. Mimi nimezaa tu."

Nikashikilia utaratibu. Wakatoka wote wawili.

Mimi ni mtu wa Moshi; kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba. Kwa Wamakonde, kama kwa Wamakua majirani zao, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa juu ya mtoto: jando, ndoa, na siku hizi shule. Ada ile ilitokana na korosho zake, alizozipeleka chama cha msingi akasubiri mnada. Nilikuwa nimeishi pale muda wa kutosha kulijua hilo, lakini sikuuliza. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, naye alikuja mgeni, Mwingereza. Yeye na makasisi Waafrika waliliingiza jando ndani ya kanisa badala ya kuwalazimisha watu waliache. Mimi nilishindwa hata kuongeza nafasi moja kwenye fomu.

Kisha nikafanya baya zaidi. Kwenye ripoti ya bodi niliandika kwamba wazazi wa huku hawana mwamko wa elimu. Niliandika hivyo Masasi, wilaya aliyozaliwa Rais Benjamin Mkapa, ambako misheni ya Kianglikana ya UMCA ilianza 1876.

Mtoto alihamishwa. Nilipanda Newala kuomba radhi. Mzee alinikaribisha, akanisikiliza, akanisamehe. Mtoto hakumrudisha, na sikuthubutu kumwomba.

Fomu sasa inauliza nani anamlea mtoto na nani aitwe panapotokea jambo. Vikao tunavifanya baada ya malipo ya korosho, kwa Kiswahili, na wajomba na mabibi wanakuja. Ripoti ndiyo imenishinda kuifuta. Majuzi mjumbe wa bodi aliwaambia walimu wapya kwamba wazazi wa huku hawana mwamko, kwa maneno yangu yaleyale. Nilisimama nikawaambia kwamba maneno hayo niliyaandika mimi, na si kweli.