Beki Aliyeugua kwa Kukumbuka Kwao

Sevilla, Hispania

Kaka,

Ujumbe wako wa sauti kutoka barazani hapo Mchafukoge nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilisikiliza maneno yako. Mbili zilizobaki nilikuwa namsikiliza muuza kahawa aliyepita nyuma yako akigonganisha vikombe. Huku kahawa ipo kila kona, lakini hakuna anayeipigia ngoma.

Unasema kijana ametimiza miaka 16, anakaba upande wa kulia pale Kidongo Chekundu na winga hampiti, basi nimtafutie timu huku. Jibu nitakupa. Kwanza nikusimulie habari za beki wa kulia wa mji huu, Jesús Navas, aliyestaafu Desemba 2024 akiwa na miaka 39.

Sevilla ungeizoea siku ya kwanza tu. Mji una timu mbili. Sevilla ni weupe na wekundu, Betis ni kijani, na wiki ya dabi majirani wanakwepana kwenye ngazi. Mimi niliyekulia hatua chache kutoka Msimbazi, kwa Simba weupe na wekundu, sikuhitaji kuulizwa nitashabikia ipi. Wewe mtu wa Jangwani, mtu wa Yanga, utanisamehe. Unawakumbuka Sevilla: ndio waliokuja Dar Mei 23, 2019 wakaifunga Simba 5-4 pale Uwanja wa Taifa, ukanipigia simu usiku uleule kunicheka. Nikakwambia mabao manne mbele ya timu ya La Liga ni heshima. Ukajibu kufungwa ni kufungwa.

Navas alizaliwa mwaka 1985 Los Palacios y Villafranca, mji mdogo wa wakulima kusini mwa hapa, unaosifika kwa nyanya zake. Gavi na Fabián Ruiz nao ni watoto wa hapohapo. Alianza kuichezea timu ya wakubwa ya Sevilla Novemba 2003, akiwa na miaka 18 tu, mwembamba, winga wa kulia mwenye mbio na krosi. Kufikia 2007 alikuwa na vikombe viwili vya UEFA. Kwa kipaji hicho ungetegemea awe ameshaitwa timu ya taifa ya wakubwa. Hakuwa ameitwa, na sababu haikuwa mguu.

Navas alikuwa hawezi kulala mbali na kwao. Akipelekwa kambi ya mbali, wasiwasi ulimshika kama homa, mpaka ikabidi arudishwe nyumbani. Fikiria kijana wa namna hiyo angekuwa wetu. Tungemwita mtoto wa mama. Wapo ambao wangemtafutia mganga, na wapo ambao wangesema amelogwa na wenzake wa timu. Huku alipelekwa kwa wataalamu wa saikolojia, na klabu ikamwachia muda. Alicheza mechi, akarudi kwao, akacheza tena. Timu ya taifa ilimsubiri mpaka Novemba 2009, alipokuwa anakaribia miaka 24.

Miezi minane baadaye alikuwa Johannesburg. Fainali ya Kombe la Dunia, Julai 11, 2010, aliingia kipindi cha pili kuchukua nafasi ya Pedro. Dakika ya 116 aliuchukua mpira nusu ya kwao, akaanza kukimbia nao, na kutoka kwenye mbio zile likapatikana bao la Iniesta. Yule aliyeshindwa kulala nje ya kwao alikuwa amemaliza mwezi mzima kwenye bara letu, na akarudi na kombe.

Mwaka 2013 akathubutu zaidi. Alihamia Manchester City, akakaa misimu minne kwenye mvua ile, akachukua ubingwa wa England wa 2014. Mwaka 2017 akarudi Sevilla, na hapa ndipo ningependa kijana wako asikilize. Winga akifika miaka 32 mbio zinapungua, na wengi huishia benchi wakinung'unika. Navas alirudi nyuma akawa beki. Alijifunza kukaba akiwa mtu mzima, na ilimsaidia kwamba alishajua winga anafikiri nini. Akiwa nahodha alinyanyua Europa League ya 2020 na ya 2023.

Julai 2024, nusu fainali ya Euro dhidi ya Ufaransa, beki wa kulia Carvajal alikuwa anatumikia adhabu. Navas, babu wa miaka 38, akapangwa kumkaba Mbappé. Sikudanganyi, krosi ya bao la Ufaransa ilitoka upande wake mapema kabisa. Hakupoteza kichwa. Hispania ikashinda 2-1, na siku chache baadaye ikawa bingwa. Muda wote huo nyonga ilikuwa inamuuma, na nyonga hiyo ndiyo iliyomstaafisha.

Kaka, Navas nilikuwa namwona kama mchezaji tu mpaka Novemba 16, 2024. Jumamosi ile ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, nilikaa kitandani na simu mkononi. Napiga, hupatikani. Napiga kwa shemeji, hapatikani. Mpaka uliponiandikia maneno mawili, "tuko salama", nilikuwa nimeshatoka jasho la mtu mwenye malaria. Kesho yake kazini nilishindwa kueleza nina nini. Mzee mmoja tunayefanya naye kazi aliniangalia akasema, "Wewe una ya Navas." Huku ugonjwa huo una jina la mtu, na hakuna aliyenicheka.

Wiki nne baadaye, Desemba 14, Navas alicheza mechi yake ya mwisho nyumbani. Nilikuwa kwenye mgahawa, watu wazima wanafuta macho bila kujificha. Desemba 22 akamalizia Madrid, uwanjani kwa Real, na wapinzani wakajipanga mistari miwili kumpigia makofi. Alikuwa ameichezea Sevilla mechi 705. Hakuna mwingine aliyefikisha idadi hiyo katika klabu ile iliyoanzishwa mwaka 1890.

Sasa turudi kwetu. Shomari Kapombe, beki wa kulia kama kijana wako, alikwenda AS Cannes ya Ufaransa mwaka 2013, akarudi. Farid Mussa alikwenda Tenerife, hukuhuku Hispania, akarudi Yanga mwaka 2020. Sababu zao wanazijua wenyewe. Lakini barazani sisi tulishatoa hukumu kabla ndege haijatua: kakumbuka ugali. Tukasahau kwamba Kapombe huyohuyo alirudi akawa beki wa kutegemewa wa Azam, wa Simba na wa Taifa Stars kwa miaka. Mchezaji wetu Samatta aliyekaa nje tunamsifu, na anastahili. Anayerudi tunamfanya mzaha, na kwa mzaha huo tunamfundisha mdogo wake kuficha maumivu mpaka yamvunje.

Jibu langu basi ni hili. Kanuni za FIFA zinazuia klabu kumsajili kijana wa chini ya miaka 18 kutoka nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, na kuwa na baba mdogo Sevilla si mojawapo. Akija mtu hapo na suti akakwambia ana nafasi ya mtoto wa miaka 16 Ulaya, anataka tu nauli na hela ya majaribio, mpe kahawa aende zake. Kijana amalize shule. Ajifunze Kihispania, vitabu nitatuma. Na likizo zijazo mpeleke akakae Mwanza kwa shangazi mwezi mzima, acheze na watu asiowajua, alale asikosikia adhana ya msikiti wa mtaani kwetu. Akilia usiku, usimkaripie. Muulize asubuhi ameamkaje.

Akifika miaka 18 na miguu bado ipo, nitampokea mwenyewe stesheni ya Santa Justa na chumba kitakuwa tayari. Na akikaa miezi mitatu akataka kurudi, nitamkatia tiketi. Ninachokuomba wewe na baraza zima ni kimoja: siku atakapotua, asiwepo hata mmoja wenu wa kutaja ugali.

Mdogo wako,
Sevilla