Fundi wa Kamukunji alipokwenda Lamu

Ukipita Kamukunji jijini Nairobi mwezi wa Desemba, masikio yako ndiyo yatakayokuambia kwamba shule zinakaribia kufunguliwa. Nyundo zinagonga bati kutoka asubuhi hadi jioni, na masanduku ya wanafunzi yamepangwa moja juu ya jingine hadi njiani. Huo si mwezi wa makarai wala majiko. Ni mwezi wa masanduku.

Ami yangu amefua bati hapo kwa zaidi ya miaka 20, juu ya kipande cha reli kuukuu. Desemba ya mwaka 2018, kitinda mimba wake alikuwa akijiandaa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Msichana aliomba zawadi moja tu.

"Baba, nitengenezee sanduku. Lakini lisiwe kama haya ya kuuza."

Jioni tatu mfululizo mzee alikaa mbele ya bati, penseli mkononi, asichore hata mstari.

"Nimewatengenezea watoto wa watu maelfu," aliniambia. "Sasa mikono inajua sanduku moja tu."

Shangazi, anayefanya kazi Lamu, alikuwa ametualika kwa muda mrefu. Ami alikataa. Kufunga kibanda wiki moja ya Desemba ni kupoteza kodi ya miezi. Mwishowe alimwachia mwanagenzi wake funguo, akapanda basi huku akinung'unika.

Kutoka Mombasa tulipitia Malindi na Garsen hadi gati la Mokowe, tukavuka kwa mashua. Mji mkongwe wa Lamu, ambao UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro vyembamba visivyopitisha gari. Mizigo hubebwa na punda. Siku ya kwanza ami alitembea kama mtu aliyepotelewa na kitu. Hakuwa na nyundo, wala hakuwa na la kushika.

Siku ya pili tukazungumza na mzee mmoja wa mjini kuhusu siwa, zile baragumu kubwa zilizopulizwa katika sherehe za watawala. Ya Pate ni ya pembe za ndovu, na ya Lamu ni ya shaba. Mzee alieleza jinsi fundi alivyotengeneza mfano kwa nta, akaufunika kwa udongo, akauchoma hadi nta ikatoka, kisha akamimina shaba iliyoyeyushwa mahali pake. Ami alimrudisha mwanzo mara mbili.

"Ina maana ule udongo ulivunjwa?" aliuliza. "Basi hakuna ya pili iliyo sawa nayo!"

Kesho yake tulikwenda Matondoni, kijiji cha wajenzi wa majahazi. Huko tulimwona fundi akizungushia pamba yenye mafuta chini ya kichwa cha msumari kabla ya kuupigilia, ili maji yasipenye. Ami alichutama kando yake karibu saa nzima.

Lakini jawabu lilikuwa nyumbani kwa jirani ya shangazi. Bibi huyo alituonyesha kasha la nyanyake, la mbao nzito, lililopambwa kwa misumari ya shaba iliyopangwa kama maua. Alipolifunua, harufu ya udi ikatujia. Ndani, ubavuni, mlikuwa na kijisanduku chenye kifuniko chake.

"Humu ndimo mwanamke alimoweka chake, mwanangu," bibi alisema. "Mambo mengine si ya kila mtu."

Ami hakujibu. Aliniomba kalamu, akachora nyuma ya tikiti ya basi.

Tuliporudi Nairobi alifanya kazi usiku, baada ya wateja kuondoka. Sanduku lilikuwa la bati lile lile la Kamukunji. Ila ribiti, ambazo siku zote huzificha kwa rangi, safari hii zilikuwa za shaba na aliziacha zing'ae, zikizunguka kufuli kama ua. Ndani, ubavuni, alitia kijisanduku cha barua na nauli ya kurudi nyumbani. Bintiye alikifungua, akakifunga, akakifungua tena. Kisha akamkumbatia babake bila neno.

Januari wazazi wawili walifika kibandani wakitaka lililo kama lile. Walikuwa tayari kulipa zaidi, na deni la kodi lilikuwa bado. Ami aliwatengenezea masanduku mazuri yenye ribiti za shaba. Ua lile hakulirudia.

Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Ami alikula hasara ya wiki nzima, ni kweli. Lakini muulize leo, msomaji, kama anaijutia. Atakuonyesha ile tikiti ya basi, ameibandika ukutani juu ya reli yake.